Safu ya Ushauri: Wiki saba damu haijakatika, na kiti changu kinaoshwa kwa maji ya chumvi

Mshauri mpendwa,

Bwana asifiwe. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Leo naandika mume akiwa kazini na watoto wakiwa shule, nisije nikaghairi tena.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, tunaishi Mwanza, huku juu kwenye mawe. Mume wangu ni fundi wa magari. Miaka minne iliyopita nyumba yetu ilikuwa imeliwa na pombe. Hela ya wiki alikuwa anapewa Ijumaa, na Jumamosi asubuhi mimi nilikuwa natoka kukopa unga. Ndipo kikundi kimoja cha maombi kikaanza mtaani kwetu. Wanaume wawili wa kikundi hicho walianza kumngoja mume wangu pale getini gereji kila Ijumaa jioni. Hawakumhubiria. Walitembea naye tu mpaka nyumbani, wakakaa naye kibarazani wakiongea mambo ya mpira na magari mpaka ile saa yake ya kwenda kilabuni ikapita. Walifanya hivyo karibu mwaka mzima. Toka hapo hajaonja. Kwa hiyo naomba unielewe, siandiki kama adui wa kikundi.

Sisi tunashika sheria za Torati. Sabato inaingia Ijumaa jua linapozama. Nguruwe hatuli, kambale hatuli kwa sababu hana magamba. Mwanzoni niliona mzigo, baadaye nikazipenda. Sikukuu ya Vibanda ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Tulijenga vibanda uani kwa majani ya migomba, tukalala humo siku saba, na baba watoto akawa anawasimulia habari za Waisraeli jangwani huku nyota zinaonekana kwenye nafasi za majani. Sijawahi kuona wanangu wakicheka na baba yao namna ile.

Tatizo langu ni Walawi 15. Mtumishi wetu anafundisha kwamba mwanamke akiwa kwenye siku zake ni najisi. Hakai na wengine, anakaa nyuma karibu na mlango kwenye kiti cha plastiki cha bluu. Haimbi, hagusi Biblia, hapiki chakula cha pamoja. Akiondoka, kiti kinaoshwa kwa maji ya chumvi. Damu ikikatika anapeleka shilingi 20,000 badala ya sadaka ya hua wawili. Akina mama wengine wamezoea, maana kwao ni siku nne au tano halafu wanarudi kwenye nafasi zao.

Kwangu haikatiki. Sasa ni wiki ya saba. Nilipimwa altrasaundi, nikaambiwa nina uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, na damu yangu ni saba. Daktari alitaka nirudi haraka, akataja kuongezewa damu na pengine upasuaji. Nikipandisha ndoo ya maji huku kwenye mawe napumzika mara nne. Nilipomwambia mtumishi akasema tuombe kwanza, kwa sababu damu isiyokatika ina chanzo, nichunguze moyo wangu nitubu. Nimetubu kila ninachokikumbuka, mpaka sukari niliyomwibia mama nikiwa darasa la tatu.

Mume wangu analala sebuleni kwenye kochi. Hasemi neno, si la kunilaumu wala la kunitetea. Ila Sabato moja nilirudi ndani kufuata kanga yangu nikamkuta ameinama anakiosha kile kiti yeye mwenyewe, peke yake, watu wameshatoka. Sikumuuliza. Sijui alikuwa anauondoa unajisi wangu au alikuwa anafanya nini.

Wiki iliyopita binti yangu wa miaka 12 alikuwa anaosha vyombo na mimi. Akaniuliza, "Mama, na mimi nikianza nitakaa kwenye kile kiti?" Nikamwambia asuuze vikombe.

Je, hii kweli ni sheria ya Mungu? Kama siyo, mbona imeandikwa? Nikiondoka kwenye kikundi naogopa nitakuwa nimemsukuma mume wangu arudi kwenye pombe. Nikibaki, binti yangu atajifunza nini? Na hospitali, niende kwa siri?

Wa kiti cha nyuma, Mwanza

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu,

Kabla ya Walawi, kabla ya mumeo, kabla ya kile kiti: rudi hospitali wiki hii. Mama asiye mjamzito anatarajiwa kuwa na damu 12 au zaidi. Wewe una saba, na bado inatoka. Huko kuhema na kupumzika mara nne na ndoo kichwani ni moyo wako unaofanya kazi ya ziada kufidia kilichopungua. Ukianza kuona giza ukisimama, au damu ikitoka kwa mabonge, usingoje hata kupambazuke.

Kama maneno ya mtumishi wenu au ukimya wa mumeo ndio unaokuzuia, kumbuka jinsi Waisraeli wenyewe walivyoishika Torati yao. Walawi 18:5 inasema mtu azifanye amri hizo ataishi kwa hizo. Marabi wao wakafundisha tangu zamani kwamba mtu ataishi kwa hizo, asife kwa hizo. Ndiyo maana hata Wayahudi wanaoishika Sabato kwa ukali mkubwa humkimbiza mgonjwa aliye hatarini kwa daktari Sabato hiyohiyo, na hawaoni kuwa wameivunja. Kwenda kutibiwa hakupingani na maombi. Wakuombee ukiwa kitandani hospitali.

Hilo nimelitenga. Mengine tuyaongee taratibu, kwa sababu ni mazito na sitaki kuyarahisisha.

Nikikusikia vizuri, hujachoka na Mungu, wala hujachoka na sheria zake. Umeandika habari za Vibanda kwa furaha ambayo nimeisikia mpaka huku. Unachouliza ni jinsi sheria iliyowalaza wanao chini ya nyota na baba yao inavyoweza kuwa hiyohiyo inayokuweka mlangoni. Na chini yake kuna maswali mengine mawili: mume wangu amesimama juu ya nini, na binti yangu atauonaje mwili wake.

Tuanze na sura yenyewe. Nimeifungua Walawi 15 nikaisoma yote, mistari 33, na nakuomba uisome hivyo, ukiwa peke yako au na mumeo. Utaona haianzi na mwanamke. Inaanza na mwanamume anayetokwa na kisonono, ambaye kitanda chake, kiti chake na hata mate yake yanatia unajisi. Halafu inakuja kwa mwanamume aliyetokwa na mbegu: naye aoge, awe najisi hata jioni. Mstari wa 18 unasema mume na mke wakilala pamoja, wote wawili waoge, wote wawili ni najisi hata jioni. Hapo ndipo inafika kwa mwanamke na siku zake, na mwisho kwa mwanamke wa hali yako, ambaye damu yake imepita siku za kawaida. Sasa jiulize kwa utulivu: katika miaka hii minne, kuna mume yeyote aliyewahi kukalishwa kwenye kile kiti asubuhi ya Sabato kwa sababu alilala na mkewe usiku? Siulizi ili nimwaibishe mtu. Nauliza kwa sababu sura ilikuwa ya watu wote, na kwenu imebaki ya wanawake.

Angalia pia kilichoandikwa na kisichoandikwa. Maji yamo, chumvi haimo. Kwa siku za kawaida za mwezi Walawi haidai sadaka yoyote, inahesabu siku saba tu. Hua wawili au makinda mawili ya njiwa yanatajwa kwa mwanamke ambaye damu yake ilizidi, naye ni baada ya kupona na kuhesabu siku saba. Hao ndege walipelekwa kwa kuhani mlangoni pa hema ya kukutania, na baadaye hekaluni Yerusalemu. Hekalu hilo lilichomwa na majeshi ya Warumi mwaka 70. Tangu hapo Wayahudi wenyewe hawatoi sadaka za wanyama, kwa kuwa hawana hekalu wala madhabahu yake. Kwa hiyo shilingi 20,000 ni utaratibu wa kikundi chenu. Inawezekana waliouweka walikuwa na nia njema, lakini ni vizuri ujue ni wao waliouweka, siyo Musa.

Kuhusu kutogusa Biblia, hili lilinigusa kipekee. Maimonides, mwalimu mkubwa wa sheria ya Kiyahudi aliyeishi Misri katika karne ya 12, aliandika wazi kwamba mtu yeyote aliye najisi, hata mwanamke aliye katika siku zake, anaweza kushika gombo la Torati na kulisoma. Sababu yake ni ya zamani zaidi yake: maneno ya Torati hayapokei unajisi. Wayahudi wanaoshika sheria ya hedhi mpaka leo wanaishika nyumbani, baina ya mke na mume, na mwanamke huhitimisha kwa kuzama kwenye maji. Lile gombo wamelitungia sheria nyingi za heshima, lakini hiyo hawakuiweka.

Sasa neno "najisi". Sisi kwa Kiswahili chetu cha kila siku, ukimwambia mtu ni najisi umemtukana. Kwa hiyo neno likisomwa kanisani linaingia moyoni likiwa tusi, na nadhani ndilo lililokupeleka mpaka kwenye sukari ya darasa la tatu. Katika Torati halikuwa tusi, na mara nyingi halikuwa dhambi. Aliyegusa maiti alikuwa najisi siku saba, Hesabu 19. Nani atasema kumzika mama yako ni dhambi? Ilikuwa wajibu, na mtu aliporudi kutoka makaburini alikuwa najisi na amefanya jambo jema kwa wakati mmoja. Mama aliyejifungua alikuwa najisi. Ukisoma Luka 2 utamwona Mariamu, siku zake za utakaso zilipotimia, akipanda Yerusalemu na mtoto mikononi kupeleka hua wawili au makinda mawili ya njiwa, ambayo kwa Walawi 12 ndiyo sadaka ya mama asiyeweza kupata mwana-kondoo. Mariamu alikuwa ametubu nini?

Najua mtumishi wenu anaweza kukuonyesha kwamba mmoja wa ndege hao anaitwa "sadaka ya dhambi". Ni kweli, ndivyo Biblia zetu zilivyotafsiri. Lakini sadaka yenye jina hilohilo ilitolewa na Mnadhiri aliyetimiza nadhiri yake salama, Hesabu 6, na ilitolewa kuitakasa madhabahu yenyewe, Kutoka 29:36. Madhabahu ilikuwa imekosa nini? Ndiyo maana wataalamu wengi wa siku hizi huiita sadaka ya utakaso. Damu yako isiyokatika imeshapata maelezo: daktari aliuona uvimbe kwenye kioo cha altrasaundi.

Basi kwa nini iliandikwa? Umeuliza vizuri, na sitakujibu kwa kuifuta. Mstari wa 31 wa Walawi 15 unatoa sababu: wana wa Israeli wasiitie unajisi maskani ya Mungu iliyo katikati yao. Na Walawi 17:11 inasema uhai wa mwili u katika damu. Ukiweka mistari hiyo pamoja, wasomi wengi huona hivi: hema ilikuwa mahali pa Mungu aliye hai, na kila kilichohusu kupotea kwa uhai, maiti, damu ya uzazi, mbegu iliyomwagika, kilisubirishwa kidogo kabla ya kukaribia. Mwili ulikuwa unafundishwa kwamba uhai ni kitu cha kuheshimiwa. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua mabirika mengi ya kuzamia yaliyochongwa kwenye mwamba Yerusalemu, mengine karibu kabisa na hekalu upande wa kusini, yana ngazi za kushukia. Wazia watu wanashuka zile ngazi: makuhani, wakulima, mabibi, mabwana harusi. Kila mtu alishuka wakati fulani. Hakukuwa na tabaka la watu wa nyuma.

Lakini nisikufiche upande mgumu. Hesabu 5:2 inaamuru aliye na kisonono atolewe nje ya kambi. Mwanamke wa wakati ule mwenye ugonjwa wako aliumia, na miaka ilipita. Wala Wakristo hawakukubaliana haraka jambo hili. Dionisio, askofu wa Alexandria katika karne ya 3, aliandika kwamba mwanamke aliye katika siku zake asiikaribie meza ya Bwana. Papa Gregori wa Kwanza, kwa barua iliyoandikwa kama mwaka 601 kwenda Uingereza, alisema kinyume chake: asizuiwe kuingia kanisani wala kupokea meza ya Bwana, kwa kuwa kinachomtoka si kosa lake. Waorthodoksi wa Ethiopia mpaka leo hubatiza mtoto wa kiume siku ya 40 na wa kike siku ya 80, wakifuata hesabu ya Walawi 12, na wanawake walio katika siku zao husali wakiwa nje ya jengo. Wengi wao wanafanya hivyo kwa heshima, bila kujiona wachafu. Naheshimu hilo. Kuna tofauti kubwa, hata hivyo, kati ya mwanamke anayesimama nje kwa uamuzi wa moyo wake na yule anayewekewa kiti na wengine.

Nawe unaijua habari ya Marko 5. Yule mama alikuwa na damu miaka 12, akateswa na matabibu, akamaliza mali yake. Umeisikia mara nyingi, na huenda wamekusomea kama ahadi ya kwamba ukiamini itakatika. Naomba uitazame kwa namna nyingine. Luka anasema aligusa upindo wa vazi la Yesu. Mwisraeli aliyeshika sheria alivaa vishada kwenye ncha za nguo yake vyenye uzi wa rangi ya samawi, Hesabu 15:38, ili avitazame akumbuke amri zote za Bwana. Wako wanaoamini kwamba ndicho alichokishika yule mama. Kama ni hivyo, alinyoosha mkono akaigusa Torati yenyewe, kwenye nguo ya mtu aliyekuwa ameivaa. Na Yesu hakwenda kujitenga mpaka jioni. Alisimama, njiani kuelekea nyumbani kwa mkuu wa sinagogi, wakati mtu mkubwa anamngoja, akamwita, "Binti, imani yako imekuponya." Kisha akaendelea mpaka kwa binti ya Yairo aliyekwisha kufa, akamshika mkono, maiti, na akaagiza apewe chakula. Binti yule alikuwa na miaka 12. Nilipofika kwenye umri wa binti yako katika barua yako niliirudia sura hiyo usiku uleule.

Waumini wengi wanaisoma Waebrania 9 na 10 kwamba mambo yale yalikuwa kivuli, na utakaso wote umetimia katika Kristo. Wengine, kama ninyi, wanashika Sabato na vyakula na sikukuu na kuona furaha humo. Sitaki uchague upande kwa sababu yangu. Ninalokuuliza ni hili: ikiwa mnasema Kristo ametosha kwa dhambi zenu zote, kwa nini kwenye damu ya mama mgonjwa peke yake ndipo ionekane hakutosha?

Sasa mumeo. Unaogopa kwamba ukitikisa kikundi utaitikisa na ile nguzo inayomshikilia. Hofu hiyo ina msingi, siibezi. Mtu aliyetoka kwenye ulevi anahitaji watu. Ila rudi kwenye maneno yako mwenyewe. Kilichomtoa kwenye pombe ulikiandika vizuri kabisa: wanaume wawili getini kila Ijumaa, kibaraza, mazungumzo ya mpira mpaka saa inapita. Kiti cha bluu hakimo katika hadithi hiyo. Wale ndugu wawili bado wapo. Je, wangeacha kumpenda kwa sababu mkewe anaumwa? Huenda ndiyo, huenda hapana. Mimi siwajui, wewe unawajua.

Na umesema hasemi neno, ukauchukua ukimya wake kama makubaliano au kama lawama. Mimi nimekaa na lile jambo uliloliona kupitia mlangoni, mtu mzima ameinama peke yake anaosha kiti cha mkewe baada ya watu kutoka. Inawezekana anaamini kila neno. Inawezekana pia hakutaka mikono ya mtu mwingine ikisugue kiti chako huku wakiangaliana. Wanaume wetu wengi wakishindwa kusema hushika kazi. Muulize. Usimuulize kuhusu sheria kwanza. Mwambie tu, "Nilikuona unaosha kile kiti," halafu unyamaze.

Mkishaongea, njia ziko kadhaa na kila moja ina miiba yake. Mnaweza kwenda wawili kwa mtumishi, mbali na macho ya kikundi, mkafungua Walawi 15 kuanzia mstari wa kwanza na kumwomba awafafanulie habari za wanaume. Mtu mnyenyekevu anaweza kuguswa. Lakini kiongozi anaweza pia kuona anapimwa, na Sabato inayofuata mkasikia mahubiri juu ya uasi wa Miriamu aliyempinga Musa. Kama mnaona hivyo, nendeni na mmoja wa wale ndugu wa getini.

Unaweza kukaa nyumbani kwa kipindi cha matibabu bila kutangaza kwamba umeondoka, Sabato mkaishika hapohapo nyumbani na watoto, na mumeo akaendelea kwenda. Hilo linakupa pumzi. Hatari yake ni kwamba wewe utapona, ile sheria itabaki ilipo, na binti yako atakuwa amefika umri.

Unaweza kuondoka kabisa. Hapo fikiria kwanza Ijumaa: nani atatembea na mumeo? Usiliache swali hilo likae hewani, tafuteni jibu lenye majina ya watu kabla hamjaondoka.

Na unaweza kubaki na kulishika agizo kwa hiari yako, kama wale akina mama wa Ethiopia, ukijua maana yake na kujua kwamba halikuhukumu. Wapo wanaoweza hilo kwa amani. Kwa namna ulivyoandika sina hakika kama amani hiyo unayo, ila moyo wako unaujua wewe. Wala usisahau akina mama wengine waliozoea. Sijui wamezoea kweli au kila mmoja anangoja mwenzake aseme. Umeshamuuliza hata mmoja wao, mkiwa kisimani?

Kuhusu binti yako, hilo halihitaji kungoja uamuzi wa kikundi. Alikuuliza na bado anasubiri. Mwambie kabla damu haijaja, ili isimkute peke yake chooni shuleni. Mwonyeshe pedi zinavyowekwa. Mwambie kwamba huo ni mwili unaojiandaa kubeba uhai, na kwamba Mungu ndiye aliyeupanga hivyo. Juu ya kiti unaweza kumwambia ukweli kama ulivyo: "Mama bado anatafuta jibu." Mtoto wa miaka 12 anaweza kubeba jibu hilo. Kinachomwelemea ni pale mama anapobadilisha mazungumzo na kumwagiza asuuze vikombe.

Nimeandika mengi, na wewe umechoka. Chukua kwanza lile la mwanzo. Nenda na mumeo kama atakubali, na kama hatakubali nenda na dada au jirani, ila usiende kwa siri peke yako, maana ukiwekwa kitandani lazima pawepo wa kukuletea uji. Ukitoka, niandikie damu imefika ngapi.

Mshauri wako